Ukuta wa Upande wa Jikoni

Bwawa la Mama Kokushubila lilijaa maji Jumatano, na Alhamisi asubuhi, maji yalipotulia, kila mwenye macho aliona. Ukuta wa upande wa geti ulikuwa wa samawati, rangi moja kuanzia juu mpaka chini. Ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa na mabaka. Mabaka ya kijivu, mengine mapana kama sinia, yamefuatana kuanzia kwenye ngazi mpaka kule kwenye kina, utadhani mtu amepita na kitambaa cha deki akasahau kukikamua.

Mama Kokushubila alisimama ukingoni na kikombe chake cha chai. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, na gesti hii ya Tegeta, vyumba kumi na bwawa moja, ndiko kilikokwenda kiinua mgongo chake chote. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja, kisha kunyamaza mpaka ajibiwe.

"Mzee Mwinshehe, hii ni nini?"

Mwinshehe alikuwa amesimama upande wa pili, amevua kofia. Fundi wa plasta za mabwawa huyu, miaka thelathini kazini, na kuanzia Kinondoni mpaka Bunju wenye mabwawa walipeana namba yake. "Plasta bado changa, mama," alisema. "Ikipigwa brashi asubuhi na jioni, rangi huwa inatulia."

"Upande ule mbona umetulia?"

Mwinshehe aliizungusha kofia mkononi. Praygod, msimamizi wa gesti, akajibu kwa niaba yake. Kijana mchangamfu, shati limechomekewa, simu haikauki mkononi.

"Mama, mie niliogopa tangu siku ile. Kazi ya mwiko unampaje binti? Si unaona mwenyewe. Upande wa mzee huo pale, safi kabisa. Upande wa sista ndo huu."

Alionyesha kwa kidole bila wasiwasi wowote. Siku ya plasta alikuwa amekaa kivulini anaangalia video, na nani alisimama ukuta gani hakujua hata kidogo. Lakini mtu akisema jambo kwa uhakika vile, na jambo lenyewe likafanana na lile ambalo watu walikuwa wameshalifikiria, nani atauliza?

Naima, binti wa Mwinshehe, alikuwa palepale, miaka ishirini na mitatu, ameshika brashi ya mpini mrefu. Alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa anatazama maji.

"Ni kweli, mzee?" Mama Kokushubila aliuliza.

Mwinshehe akakohoa. "Nitaurekebisha, mama."

Haukuwa uongo, na halikuwa jibu. Siku nyingine mwalimu yule angelishtukia, lakini macho yake yalikuwa yameshahamia kwa msichana.

"Likizo ya Pasaka watoto wanaanza kujifunza kuogelea hapa," alisema. "Mzazi akiona mabaka haya atasema bwawa chafu, atamchukua mwanawe aondoke. Nina wiki tatu. Na lile bwawa la mdogo wangu kule Bunju, mzee, nilikuahidi na bado ni lako. Kwa sharti moja tu. Binti achanganye, abebe maji, afagie. Mwiko asishike."

"Sawa, mama," alisema Mwinshehe.

Naima alitumbukiza brashi majini akaanza kusugua. Alianzia upande wa jikoni, ule wenye mabaka, na wala hakuuliza kwa nini aanzie pale. Yeye na baba yake tu walijua kwamba ukuta ule haukuwa wake. Ukuta wa Naima ulikuwa ule wa geti, ule safi.

*

Ilikuwa hivi. Jumanne ya wiki iliyotangulia walianza saa kumi na mbili asubuhi, baba ukuta wa jikoni, binti ukuta wa geti, vibarua wawili wakichanganya saruji nyeupe na unga wa marumaru na ile rangi ya samawati. Ilikuwa mara ya kwanza Naima kupewa ukuta mzima. Miaka minne alikuwa saidia fundi, anapima, anachanganya, jioni anaosha miko. Siku hiyo Mwinshehe alimwambia tu, "Wewe shika ule," akageuka, na Naima akashindwa kunywa chai.

Saa tano simu ikalia. Mzee Faraji, jirani yao wa Bunju, amefariki asubuhi. Anazikwa baada ya swala ya adhuhuri.

Asiyeishi mtaa ule atasema Mwinshehe angetuma salamu za rambirambi akaendelea na kazi yake. Mtaa ule hawaishi hivyo. Mwinshehe ndiye aliyekuwa akiingia kaburini kumpokea maiti na kumlaza katika mwanandani, miaka na miaka, awe tajiri awe mlevi. Na Faraji walikuwa wamepakana ukuta kwa ukuta tangu Naima hajazaliwa. Kibarua mmoja, naye mtu wa Bunju, akaanza kunawa mikono. Naima alibaki, maana wanawake hawaendi makaburini.

Tatizo lilikuwa ukuta. Mwinshehe alikuwa amekwisha kuupaka wote, bado kuulainisha, na jua lilikuwa limeshakuja juu.

"Baba," alisema Naima, "nikimaliza wangu niupitie na wako?"

"Wangu usiuguse. Nikirudi nitaumalizia mwenyewe."

"Jua kali, baba. Basi hata niufunike magunia ya maji."

"Nimesema usiuguse."

Hakuwa mtu mkali. Lakini alikuwa fundi Mwinshehe, na mkono wa mtu mwingine kwenye ukuta wake ulikuwa kitu asichowahi kukiruhusu. Akapanda bodaboda akaenda kumzika rafiki yake.

Alirudi saa tisa. Ukuta wa Naima ulikuwa umekwisha, umefunikwa magunia mabichi. Ukuta wake ulikuwa umeshaanza kukaza. Badala ya kuubandua palepale, aliurushia maji akaukandamiza na mwiko wa chuma kwa nguvu zake zote, akipita na kupita, na kila alipopita saruji iliyokwisha kukaza ilikuwa inageuka kijivu. Mafundi wanasema plasta imeungua. Mwinshehe aliliona hilo kwa macho yake, akajiambia maji yakijaa halitaonekana. Hata mafundi hodari hujiambia mambo ya ajabu saa kumi jioni wakiwa wamechoka na wamefiwa.

*

Ijumaa maji yalitolewa, na Praygod akaja na madumu mawili ya asidi ya kusafishia vigae.

"Mwageni kote," alisema. "Kesho linang'aa."

Mwinshehe aliyatazama yale madumu. Tangu jana alikuwa mtu wa kutazama tu.

"Kaka Praygod," alisema Naima, "asidi haijui kuchagua. Ukimwaga kote itakula na ule upande mzuri, tutakuwa na kuta mbili mbovu."

"Sista, si ulimsikia mama? Wewe wa kubeba maji."

Kibarua mmoja akacheka. Naima alitoka bwawani akaenda mpaka mlango wa jikoni, alikokuwa Mama Kokushubila akikagua samaki, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naomba kujaribu ile asidi sehemu ndogo tu, kama sahani, nyuma ya ngazi. Na sahani nyingine ukuta wa pili. Kabla hawajamwaga kote."

Mama Kokushubila alimtazama kwa muda. Huenda ni lile neno kujaribu lililomgusa. Miaka thelathini na miwili alikuwa amewaomba watoto wa watu wajaribu kwanza kabla ya kuandika jibu. Akajipangusa mikono akamfuata.

Naima alivaa mabuti na glavu, akajifunga kitambaa puani. Alitia maji kwenye ndoo kwanza, kisha asidi kidogo juu yake, maana ukianza na asidi inakurukia. Akapaka kiduara kwenye baka, akahesabu polepole mpaka thelathini, akasuuza kwa maji ya magadi ili iache kula. Akafanya vilevile ukuta wa geti. Kila hatua aliifanya kama vile hakuna mtu anayemtazama, ingawa watu watano walikuwa ukingoni wanasubiri akosee.

Kwenye baka, ukungu mweupe wa juu ulitoka. Kijivu kilibaki palepale.

"Kwa hiyo?" aliuliza Mama Kokushubila.

"Kwa hiyo si uchafu, mama, wala si chumvi ya maji ya kisima. Hivyo vingetoka. Na mchanganyiko nao siyo, maana ni mmoja kuta zote, nimepima rangi mwenyewe kwa kopo moja, hili hapa, nimelitoboa alama kwa msumari. Huu ni mwiko. Plasta imekandamizwa ikiwa imeshaanza kukaza, ikaungua."

"Mwiko wa nani?"

Mwinshehe alikuwa hatua nne kutoka pale. Naima aliinama akamwagia maji ya magadi mahali ambapo palikwisha kusuuzwa.

"Wetu sie mafundi, mama."

"Leo tena umekuwa fundi," alisema Praygod, na safari hii vibarua wote wawili walicheka.

Anayedhani jambo lile ni jepesi ajaribu siku moja. Ajaribu kusimama na ushahidi mkononi, jina lake linachafuliwa mbele ya watu, na ukuta wake uliotulia unamtazama kutoka ng'ambo, asiseme. Hata hivyo, Naima mwenyewe hakujiona shujaa. Alikuwa anawaza kwamba siku ile ya maziko magunia mabichi yalikuwa mkononi mwake, na angeasi mara moja tu maishani, pasingekuwa na baka hata moja.

*

Jioni Mwajabu, mama yake, aliuona mwiko wa Naima umeoshwa, umefungwa kwenye kanga kuukuu, umetundikwa juu ya msumari kama kitu cha marehemu.

"Mwiko huo vipi?"

"Nimeambiwa nisishike. Ukuta wa jikoni umetoka na mabaka."

Mwajabu hakuuliza zaidi. Alipakua wali na maharage, wakala, Naima akaondoa vyombo kwenda kuviosha uani. Hapo ndipo Mwajabu aliposogea kwa mumewe.

"Baba Naima, ukuta wa jikoni ulikuwa wa nani?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyenambia. Siku ya maziko nilikuwekea maji ya kuoga, ukanambia umeukuta ukuta umekaza. Umesahau."

Uani sufuria ziligongana.

"Nikisema, kazi ya Bunju inakwenda," alisema Mwinshehe. "Miaka thelathini, halafu niunguze plasta kama mwanafunzi? Watu watasemaje? Naima bado mdogo. Yeye kosa lake watalisahau."

"Kosa lake lipi?"

"Mama Naima..."

"Hapana, nijibu. Wewe ukikosea, watasema mzee siku ile alikuwa na msiba. Yeye akikosea watasema tulijua, mwanamke. Kila geti atakalogonga atalikuta neno hilo limeshafika." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza mumewe. "Faraji ulimpokea vizuri, mtaa mzima tunakusifu. Mwanao yu hai. Na yeye mpokee."

Mwinshehe alitazama msumari ukutani. Kisha akasema anakwenda kuswali isha, akatoka, na Mwajabu hakumwita.

*

Jumamosi asubuhi Mwinshehe alivaa shati lake la kwendea harusini. Naima alishangaa lakini hakuuliza. Walipofika gesti, Mwinshehe alimwomba Mama Kokushubila aje bwawani, na Praygod naye, na vibarua. Akashuka ngazi na shati lake jeupe, akaweka kiganja juu ya baka kubwa kuliko yote.

"Mama, ukuta huu ni wangu," alisema. "Wa binti ni ule."

Mwinshehe akaeleza yote: simu, maziko, jua, saa tisa, mwiko.

"Aliniomba aumalizie, nikamkataza. Akaniomba aufunike tu, nikamkataza. Angeugusa, leo usingekuwa hivi. Nimeuunguza mie, halafu nikakaa kimya akasemwa yeye."

Praygod alikuwa ameikumbuka simu yake, anaitazama kwa bidii.

"Kwa nini hukusema Alhamisi?" aliuliza Mama Kokushubila.

"Aibu, mama. Na ile kazi ya mdogo wako."

Mwalimu akamgeukia Naima. "Na wewe?"

"Ni baba yangu, mama."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

Mama Kokushubila alitikisa kichwa polepole. Alisema kwamba darasani aliwahi kuwachapa watoto kwa makosa ya wenzao, tena si mara moja, na baadaye alipogundua hakuwahi kurudi kwao kuwaomba radhi. Alikuwa anaona mwalimu akirudi heshima itapungua. "Binti, nisamehe," alisema, mbele ya vibarua, mbele ya mpishi aliyekuwa amechungulia dirishani. Naima hakujua auweke wapi uso wake.

"Sasa," alisema mwalimu, na sauti yake ikarudi kuwa ile ya siku zote, "bwawa langu bado lina mabaka."

"Nitaubandua wote," alisema Mwinshehe. "Vifaa juu yangu."

Mabati aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya chumba cha uani yaliuzwa Jumatatu, na Mwajabu mwenyewe ndiye aliyesimamia yakipakiwa, akiwakemea wabebaji wasiyakunje.

*

Waliugonga ukuta siku mbili, nyundo na patasi, mpaka wakafika kwenye saruji ya zamani. Siku ya tatu, kabla jua halijachomoza, Mwinshehe alichukua ndoo ya kuchanganyia.

"Baba, ukuta wako huu," alisema Naima.

"Nitachanganya. Nipe hilo kopo lako."

Basi akachanganya, na Naima akapiga plasta. Vibarua walidhani ni utani, wakasubiri mzee acheke, hakucheka. Mara moja tu alishindwa kujizuia akasema, "Hapo kwenye kona..." kisha akameza maneno, maana kwenye kona mwiko ulikuwa umeshapita. Saa nne kazi ilikuwa imekwisha na magunia mabichi yamening'inia. Maji yalifunguliwa kesho yake na hayakufungwa mpaka yakafika juu, ili yasiache mstari. Kisha brashi, asubuhi na jioni, siku kumi na nne.

Sitasema ukuta ulitoka sawa kama kitambaa. Jua la asubuhi likipiga kwa upande, kwenye kona ya ngazi palikuwa na tofauti nyembamba ya zamani na mpya, na anayejua aliiona. Wiki ya Pasaka wakaja watoto ishirini na wawili na maboya yao mikononi, wakaingia majini kwa kelele, na hakuna mzazi aliyetazama ukuta. Mama Kokushubila alisimama ukingoni na kikombe chake. Jioni alimpigia simu mdogo wake wa Bunju akamwambia mafundi ni wawili, na aandae chakula cha wawili.

*

Bwawa la Bunju walilipiga plasta mwezi wa sita. Baba ukuta wa kushoto, binti ukuta wa kulia. Ilikuwa karibu saa tano, Mwinshehe amekwisha kuupaka wake wote na ameanza kuulainisha, simu ikalia mfukoni.

Alisikiliza, akasema inna lillahi, akaikata. "Bi Salma wa dukani," alisema. "Adhuhuri."

Naima aliendelea kuvuta mwiko wake. Alikwisha kuomba mara moja, na hakuwa na nia ya kuomba tena.

Mwinshehe aliutazama ukuta wake, ulivyokuwa bado unang'aa kwa ubichi, na jua lililokuwa linaufuata. Alipanda ngazi, akanawa mikono, akavaa viatu. Alipofika karibu na geti akasimama.

"Naima."

"Abee, baba."

"Ukuta wangu uumalizie."

Mwiko wa Naima ukasimama. "Nianze nao, au nimalize kwanza huu?"

"Utakavyoona wewe. Fundi uko hapo, unaniuliza mie?"

Akatoka, bodaboda ikaunguruma, na hakugeuka nyuma.

Alirudi saa kumi kasoro, udongo wa kaburi bado kwenye pindo za suruali. Naima alikuwa amekaa kivulini anakunywa maji, plasta mpaka kwenye nyusi. Mwinshehe alishuka bwawani, akainua gunia moja, kisha la pili. Alitafuta mahali mwiko wake ulipoishia na wa binti yake ulipoanzia. Alisogeza uso, akarudi nyuma, akaenda mpaka mwisho wa ukuta na kurudi, na hakupaona.

Akarudisha magunia taratibu. Kisha akaokota miko yote miwili, akachukua ndoo ya maji, akachuchumaa akaanza kuiosha.